Mwanamke Aliyechukua Wanafunzi Wangu

Sijui alizaliwa wapi. Tulifanya kazi pamoja miaka saba na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilijua akianza kunisimulia nitampenda, nami sikuwa tayari kumpenda. Nitamwita Mkufunzi, maana hicho ndicho cheo kilichoandikwa kwenye mikataba yetu sote wawili. Chuo kimoja cha hapa Nairobi kilikuwa kikileta wanafunzi wake mitaani muhula mzima, wajifunze namna ya kuongoza watu kurekebisha mambo yao wenyewe: maji, vyoo, taka, mitaro, ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba. Yeye alikuwa na Kibera, upande wa Soweto West na Sarang'ombe. Mimi nilikuwa na Kawangware, kuanzia Gatina mpaka Kabiro. Mimi nina shahada mbili. Yeye, kwa kadiri nilivyojua, alikuwa na cheti cha ushonaji.

Kila muhula ukianza wanafunzi waliulizwa wangependa kupelekwa wapi, na kila muhula karibu wote waliandika Kibera. Ilibidi mkuu wa idara awagawe kwa kura. Walioangukia kwangu walifika na nyuso za watu walioambiwa nyama imeisha, yamebaki maharagwe. Nilizipokea nyuso hizo miaka saba, nikatabasamu, nikagawa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni.

Wengi wanaomkumbuka huanza na viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na alivivaa hata msimu wa mvua, wakati vichochoro vya Soweto West ni uji mtupu. Ndani ya mkoba alibeba kitambaa. Akifika mlangoni kwa mtu, kabla hajabisha, aliinama akavipangusa. Mimi nilitembea na gambuti za mpira za kijani, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, na siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa.

"Mama Mwende," akasema, maana aliniita kwa jina la binti yangu tangu siku ya kwanza, "watu wakiniona na gambuti wanajua nimekuja kwa uchafu. Wakiniona na viatu vya kanisa wanajua nimekuja kwao."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake wote, nami nimesimama pale na gambuti zangu. Sidhani alikusudia kuniumiza. Angekusudia ningepona haraka. Wiki iliyofuata nilinunua viatu vyeusi. Nilivivaa siku moja tu. Kule Kabiro niliteleza ukingoni mwa mtaro, mguu ukazama mpaka gotini, na aliyenivuta, huku akijizuia kucheka, ni msichana wa kikundi changu aliyeitwa Achieng. Huyu Achieng ndiye mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kupata. Kabla muhula haujafika katikati aliomba kuhamishiwa Kibera.

Nilimuuliza sababu. Hakutaka kusema, kisha akasema.

"Si ati hufundishi poa, madam. Unafundisha poa sana. Ni vile tu huku tunajua sisi ni wanafunzi. Kule unasahau."

Nikatia sahihi fomu yake. Nilitumia kalamu nyekundu, sijui kwa nini.

Siku ya kwanza ya kila muhula Mkufunzi alikuwa akiwanyang'anya wanafunzi madaftari. Nilienda kuona kwa macho yangu, nikijidai nimepeleka barua. Alikuwa amewakusanya nje ya duka moja Sarang'ombe, madaftari yote yamerundikwa kwenye karai.

"Leo kila mtu atafute mtu wa kumsaidia," aliwaambia. "Sikilizeni vizuri. Sio nyinyi mkasaidie. Nyinyi msaidiwe."

Kijana mmoja mrefu akacheka. "Tusaidiwe na nini, mathe?"

"Wewe unajua kufanya nini na mikono?"

"Kompyuta."

"Basi hapa hata mtoto wa nasari anaweza kukusaidia. Nenda."

Jioni nilipita tena, nikamkuta yule kijana amerudi kidole gumba kimefungwa kitambaa. Alikuwa ameshinda kwa fundi viatu akifunzwa kushona soli, na sindano ilikuwa imemwonyesha nani mkubwa. Lakini alirudi akijua ploti zipi za kupangisha zinachangia bomba moja, choo kipi kilifungwa kufuli na nani, na majirani gani hawasalimiani tangu mvua za mwaka uliotangulia. Fundi alimsimulia yote kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini na kijana hakuwa na kalamu. Mkufunzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno niliyokuja kuyasikia baadaye vinywani mwa watu wengi mno: "Mtu hakuamini kwa sababu umemsaidia. Anakuamini kwa sababu amekusaidia."

Siku hiyohiyo, kule Gatina, wanafunzi wangu walikuwa wakizunguka na dodoso la kurasa nne nililoliandaa likizo nzima. Mama mmoja muuza githeri aliwatazama akawauliza, "Sasa hii mnaandika nini tena? Wale wa juzi walipeleka wapi?" Wakafungua ukurasa wa pili.

Muhula uliofuata niliiba mbinu yake. Nilikusanya madaftari, nikasema maneno yaleyale. Wanafunzi wangu walirudi kabla ya saa sita. Watu walikuwa wamewauliza kama wamepotea.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kasoro nyingi, na hakuna aliyezijua vizuri kama mimi, kwa kuwa nilizitafuta.

Alifundisha kusikiliza, na mimi hakunisikiliza kamwe. Katika mikutano yetu ya Ijumaa, nikianza sentensi yeye aliimaliza, na aliimaliza vibaya. Aliwaambia wanafunzi kwamba kuchelewa ni kumdharau mtu, naye alichelewa kila mahali akiwa na kisa kizuri cha kueleza alipokwama. Aliweza kumkaripia mwanafunzi mbele ya wenzake mpaka machozi yakatoka, halafu kesho yake akamletea mandazi mawili kwenye gazeti bila kuomba radhi. Mwanafunzi alikula mandazi akamsamehe. Mimi sikuwahi kumliza mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kunisamehe chochote.

Alipenda picha. Wageni wakija na kamera yeye, bila haraka, alijikuta katikati. Aliogopa mbwa kiasi kwamba alizunguka ploti tatu kumkwepa mmoja aliyelala.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililiweka kama mtu anavyoweka akiba. Asubuhi moja nilipita kwake bila kumwarifu. Nyuma ya chumba chake, kwenye nafasi ndogo kati ya ukuta na choo, alikuwa amewasha taka: maganda, makaratasi, na chupa za plastiki zikijikunja motoni, moshi mweusi ukipanda mpaka kwenye nguo za jirani. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana madhara ya moshi huo. Aliniona, akachukua kijiti akausukuma moto kando kama mtu anayeficha sahani chafu.

"Wale vijana wa taka hawajapita wiki mbili," akasema.

"Ni sawa," nikamwambia. "Hata kwetu wanachelewa."

Niliondoka nikiwa mwepesi. Siku nzima nilifundisha vizuri.

Ripoti ndizo zilizonitoa roho. Chuo kilitutaka kila mwezi tuandike tulichofanya. Zangu zilikuwa na ramani, majedwali, picha, na sura ya mapendekezo. Za kwake zilikuwa mistari mitatu kwa mwandiko mkubwa. Naikumbuka moja kwa moyo, kwa sababu mkuu wa idara aliisoma kwa sauti mkutanoni: "Tumekaa na watu. Wanasema ni mtaro. Bado tunakaa." Alipomaliza alicheka, lakini kile kicheko cha mtu anayevua kofia. Akaiweka mezani, akasema, "Hii nimeielewa." Ripoti yangu ilikuwa pale chini yake, nene, haijafunguliwa. Mkufunzi wakati huo alikuwa amesinzia kwenye kiti chake.

Huo mtaro ndio uliomfanya ajulikane, basi niusimulie, maana nilikuwepo.

Sehemu moja ya Soweto West ilikuwa ikifurika kila mvua ikinyesha. Maji meusi yaliingia vyumbani, watu wakapandisha magodoro juu ya meza, watoto wakaugua matumbo. Vikundi kadhaa vya wahisani vilikuwa vimekuja kuzibua, na kila mara mtaro uliziba tena. Sababu ilijulikana na kila mtu na haikutamkwa na yeyote: mzee mmoja mwenye nyumba alikuwa amejenga vyumba viwili juu ya njia ya maji. Wapangaji wake ndio waliofurikiwa zaidi. Nani angemwambia?

Wanafunzi wa Mkufunzi walikaa wiki sita bila kuzibua chochote. Walichota maji na wenyeji, walishona viatu, walimenya viazi kwa wauza chipsi. Mimi kwa muda huo nilikuwa nimezindua mapipa ya taka kumi na mawili kule Kawangware, yamepakwa rangi ya kijani, chifu akahudhuria. Baada ya siku kumi mapipa tisa yalikuwa vyumbani mwa watu yakihifadhi maji. Yalikuwa mapipa mazuri.

Katika wiki ya saba nilialikwa Soweto West Jumapili mchana. Nilikuta watu kama arobaini, wengi wao akina mama, wamesimama nje kwa yule mzee. Nikajua leo kutakuwa na vita. Achieng, yule aliyenihama, akasogea mbele. Hakuwa na karatasi mkononi.

"Mzee, shikamoo," akasema. Kibera hiyo salamu huisikii mara nyingi, na mzee alinyanyua uso. "Tunaambiwa wewe ndiye umekaa hapa kuliko watu wote. Hawa wote walikuja wakapata mtaro umeshapotea. Tunaomba utuonyeshe zamani ulikuwa unapita wapi."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa heshima. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo, akatoka. Alianzia juu kabisa. Hapa, alisema, ulianzia hapa, tulikuwa tunaruka. Akashuka, umati nyuma yake. Hapa kulikuwa na daraja la mbao. Hapa wanawake walifulia, maji yalikuwa meupe, msifikiri nawadanganya. Akina mama wakamuuliza maswali, akajibu yote, akazidi kuchangamka, fimbo ikichora ardhini. Mtaro ule wa zamani ulikuwa unarudi mbele ya macho yetu hatua kwa hatua. Kisha fimbo ikagonga mabati. Alikuwa amefika kwenye ukuta wake mwenyewe.

Alisimama. Mtoto mmoja alikohoa. Mzee aliutazama ukuta kama mtu anayekutana nao kwa mara ya kwanza, na baada ya muda akasema bila kugeuka, "Hapa nilikosea."

Wiki ile alivibomoa vile vyumba viwili. Kimoja kilikuwa stoo, na mpangaji wa kile cha pili alimhamishia chumba cha mbele kwa kodi ileile. Wenyeji walichimba wenyewe, na mvua iliyofuata maji yalipita.

Lakini ninachotaka mjue ni mahali Mkufunzi alipokuwa. Alikuwa nyuma kabisa ya umati, anakula hindi choma. Hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee aliposema yale maneno, watu wote walimtazama mzee, mimi peke yangu nikamtazama Mkufunzi, na nilimwona akifunga macho kidogo, kama mtu aliyeonja kitu kikawa kimeiva. Wivu ulinishika kwa nguvu hata nikalazimika kushika nguzo. Nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo lililofanyika pale. Ninaweza kulieleza kwa lugha mbili. Sijawahi kulifanya.

Sasa nifike kwenye barua.

Mwaka uliofuata chuo kilitunga kanuni mpya: mkufunzi yeyote awe na stashahada angalau. Mkuu wa idara aliniita ofisini. Aliniambia anaweza kuomba Mkufunzi aachwe kama alivyo, kwa sababu ya kazi yake, lakini kamati ingetaka maoni ya mtu anayefanya naye kazi. "Wewe ndiye unayemjua," akasema. "Niandikie tu ukurasa mmoja."

Niliandika kurasa mbili. Nilisema haandiki ripoti zinazoweza kutumiwa na mtu mwingine. Nilisema nimemwona kwa macho yangu akichoma plastiki nyumbani kwake. Na nilisema kwamba wanafunzi wake wanamtegemea kupita kiasi. Kwamba hata baada ya kumaliza chuo wanampigia simu kabla ya kuamua lolote. Kwamba anawafundisha watu kumpenda yeye, na kumpenda yeye si sawa na kuongoza. Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta na kuiandika upya mara kadhaa mpaka ikakaa vizuri.

Hakuna uongo hata mmoja katika barua ile. Nilijitetea hivyo miaka mingi. Nilipoipeleka nilikuwa nimevaa nguo nzuri.

Mkataba wake haukuhuishwa. Mimi nikapewa Kawangware na Kibera pia.

Kabla ya kuondoka alisisitiza anitembeze. Tulizunguka Soweto West na Sarang'ombe asubuhi nzima, mlango kwa mlango, akipangusa viatu kila mahali. "Huyu ni Mama Mwende," aliwaambia. "Sasa ni wenu. Anachora ramani mpaka mtu kama mimi naielewa. Na hana hasira, si kama mimi." Kwa fundi viatu, kwa wauza chipsi, kwa yule mzee wa mtaro. Sikujua kwamba aliwahi kutazama ramani zangu. Kila mlango tuliotoka nilifikiri, nitamwambia kwenye mlango unaofuata. Milango ikaisha.

Nilifanya kazi Kibera miaka minne. Watu walinipokea kwa adabu. Waliniuliza, "Yule mama yuko wapi siku hizi?" nami niliwajibu kwamba mkataba wake uliisha. Wanafunzi wapya hawakuwahi kumwona, lakini walifika wakiwa na maneno yake, wameyapata sijui wapi. Niliwasikia wakiambiana, mtu anakuamini kwa sababu amekusaidia. Nilitaka kuwaambia aliyeyasema hayo alikuwa akiogopa mbwa.

Yeye mwenyewe nilisikia yuko Soweto East, karibu na zile nyumba za ghorofa za serikali, anauza mboga. Sikwenda. Nilikuwa na shughuli nyingi.

Halafu Mwende akaingia chuo. Si kile changu, kingine. Binti yangu huyu hakuwahi kuniuliza swali moja kuhusu kazi yangu. Nilikuwa nikirudi jioni na matope, ananiambia chakula kiko jikoni. Mwaka jana akaanza kutoka kila Jumamosi asubuhi. Nilidhani amepata mpenzi. Jumamosi moja akarudi mchana, akaanza kuosha vyombo bila kuombwa, na akiosha akaongea.

"Mum, kuna mathe tunaenda kwake Soweto East. Tuko watu kama kumi hivi, kutoka vyuo tofauti. Hakuna mtu ametutuma. Anatufunza vile unaweza kuongoza watu bila kuwaburuta. Enyewe ungempenda. Unajua siku ya kwanza alituchukulia madaftari?"

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaendelea kukunja.

"Anauza nini?" nikamuuliza.

"Sukuma na nyanya. Umejuaje anauza?"

"Wote wanauza," nikasema.

Miezi iliyofuata nilikula na Mkufunzi, nikanywa chai na Mkufunzi, yote kupitia mdomo wa mtoto wangu. Mwende alipata namna mpya ya kunyamaza mtu akiongea. Alianza kuwasalimia wapangaji wa ploti yetu kwa majina, na mimi nimeishi nao miaka kumi na moja nikiwajua kwa namba za milango. Wanafunzi wengine wote nilimwachia. Nililala nikihesabu: hata huyu.

Mwezi uliopita Mwende aliniomba nifike Soweto East Jumamosi. Kikundi chao kilikuwa na kikao na wachuuzi wanaotupa taka kwenye mfereji ulio nyuma ya vibanda, na yeye ndiye angekiongoza. "Sitaki useme kitu," akaniambia. "Nataka tu uwe hapo." Nilijua nani mwingine atakuwa hapo. Nilienda.

Kikao kilikuwa uwanjani, watu wamekaa juu ya makreti ya soda. Mwende alikuwa amesimama katikati yao. Mkufunzi hakuwa kwenye kikao. Nilimkuta kibandani kwake, kama hatua thelathini hivi, ameketi kwenye kigoda, amekipa kikao mgongo, anakata sukuma. Amezeeka. Amekonda mikono, na nywele zilizochungulia kwenye kitambaa cha kichwa zilikuwa nyeupe. Miguuni alikuwa na malapa.

"Mama Mwende," akasema, kana kwamba tuliachana jana. Akanisogezea kreti. "Kaa. Usiwaangalie sana, watakuona."

Nikakaa. Alinipa fungu la sukuma na kisu, nami nikaanza kukata. Yeye alikata nyembamba kama nyuzi. Zangu zilikuwa pana. Nilikata majani matatu au manne kisha nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupamba: kwamba mkuu wa idara alitaka kumtetea, kwamba ukurasa mmoja ungetosha kumbakisha, na kwamba niliandika mbili.

Hakuacha kukata.

"Najua," akasema. "Nilienda kumuuliza mkuu kwa nini. Akanionyesha."

"Uliisoma?"

"Mara nyingi. Nilikaa nayo pale ofisini mpaka akaenda lunch." Akafuta kisu kwenye leso. "Ile ya ripoti haikunisumbua. Ile ya plastiki nilisikia aibu, nikaacha. Siku hizi naweka kwenye gunia mpaka wapite, hata ikae mwezi. Lakini ile ya mwisho, ya kwamba nafundisha watu kunipenda. Hiyo ilinikalisha chini, Mama Mwende. Nilikuwa nafurahia zile simu. Achieng alikuwa ananipigia kuuliza hata anunue kitanda gani, na mimi naona huo ni ufundi."

Nikachukua jani jingine.

"Ndiyo unaona nakaa hivi," akasema, akionyesha kwa kisu mgongo wake na kile kikao nyuma yake. "Wakinijia nawaambia mimi nauza sukuma. Mwanzoni walikasirika. Sasa wamezoea. Hawa wa sasa ni wazuri kuliko wale wa zamani. Hiyo ni kazi ya barua yako."

Ningependa kusema nilifarijika. Nilichohisi ni wivu uleule wa siku ya mtaro. Nilikuwa nimeandika sentensi ile kumvunja, nimeipiga msasa wiki nzima, naye akaichukua akajengea kazi yake. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiimiliki tu.

"Lakini ungeniambia," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, na kwa mara ya kwanza aliacha kukata. "Tumekunywa chai pamoja miaka saba. Uliniona nikichoma, ukaniambia ni sawa. Ungeniambia tu, Mama Mwende."

"Nisamehe," nikasema.

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Akavuta fungu jingine la sukuma, akaligawa, nusu akaniwekea mapajani.

Nyuma yetu sauti zilianza kupanda. Mchuuzi mmoja alikuwa amesimama akidai kwamba taka si zake, ni za wale wa ghorofani, na wengine wakadakia. Nikamsikia Mwende akijaribu kusema na kuzimwa, akajaribu tena. Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya watu wazima wanaofoka, mikono imelegea, na alikuwa ameelekeza uso wake kibandani, kwetu. Uso huo niliujua tangu akiwa mtoto wa miaka mitatu, siku ya kwanza nilipomwacha nasari. Nikainuka nusu.

Mkono wa Mkufunzi ukaja gotini kwangu, mzito kuliko nilivyotarajia. Yeye hakuwa amegeuka.

"Usiende," akasema. "Mwache."

Nikakaa. Lilikuwa jambo gumu, na vidole vyake gotini vilinionyesha kwamba hata kwake halikuwa rahisi. Mwende alitutazama kidogo zaidi. Kisha akageukia wale watu, akaketi chini kwenye kreti lake, na kwa sauti ambayo hatukuisikia akamuuliza yule mchuuzi kitu. Mchuuzi akafikiri. Akaanza kumjibu, na wengine wakainama kusikiliza.

Tulimaliza sukuma. Nilimsaidia kuzifunga kwenye mafungu, tukaagana, na Mwende akaja tukarudi naye nyumbani akiwa ameshika mkono wangu, jambo ambalo hajalifanya tangu shule ya msingi. Aliongea njia nzima. Mimi nilikuwa na swali moja na nimelinyamazia mpaka leo: pale alipogeuza uso wake kibandani, kati yetu wawili, alikuwa akimtafuta nani.